Walikopa au Walikopeshwa?

Mwulize mwanafunzi yeyote wa chuo chetu kwa nini soko la nyumba la Marekani lilianguka miaka ya 2007 na 2008, hadi likaburuza banki za dunia nzima. Kama amewahi kusikia habari hiyo, jibu lake litakuwa fupi: watu wasio na uwezo walikopa pesa za kununua nyumba, wakashindwa kulipa. Nimelisikia jibu hilo bwenini, redioni, hata darasani. Lina ukweli ndani yake, ndiyo maana linadumu. Lakini mimi nasoma lugha za Kiafrika, sisomi uchumi, na kitu cha kwanza kinachonigusa katika jibu hilo ni kitenzi chake. Walikopa. Kwa nini si walikopeshwa?

Wenzangu wa idara hawahitaji somo la mnyambuliko, ila wasomaji wa idara ya Kifaransa na ya Kiingereza watanivumilia kidogo. Kifaransa kina emprunter na prêter, maneno mawili yasiyo na undugu. Mkopaji na mkopeshaji wanakaa katika kurasa mbili tofauti za kamusi, kama watu wasiojuana. Kwetu wanakaa parseli moja. Kukopa ndiyo shina. Ukilitia kiambishi cha kusababisha unapata kukopesha, yaani kumfanya mtu akope. Kilingala nacho kinafuata njia hiyohiyo: kodefa ni kukopa, kodefisa ni kukopesha. Katika lugha zetu mkopeshaji anatajwa na sarufi yenyewe kuwa msababishi wa deni. Hilo halithibitishi kitu chochote cha uchumi, na mwalimu atakayeniandikia kwamba ninachanganya etimolojia na historia atakuwa na haki. Tena shina lenyewe halina huruma na mkopaji: kamusi za zamani za Kiswahili cha pwani zinaonyesha kwamba kukopa kulikuwa pia na maana ya kupata kitu kwa hila. Ninachosema ni kwamba kitenzi cha kukopesha kinatulazimisha kuuliza nani alimkopesha nani, na alitegemea kupata nini. Kuhusu nyumba za Marekani, swali hilo lina jibu, na jibu limeandikwa.

Zamani mkopo wa nyumba kule ulikwenda hivi. Mtu aliingia banki ya mtaani kwake, akaonyesha karatasi za mshahara, akatoa pesa zake za kianzio, mara nyingi sehemu ya tano ya bei, banki ikamjazia iliyobaki. Nyumba yenyewe ikawa rehani. Akalipa kidogo kidogo kwa miaka 30. Banki iliitunza karatasi ya deni muda wote huo, na mkopaji akishindwa, hasara ilikuwa ya banki. Kwa hiyo aliyekopesha alikuwa na sababu ya kuuliza maswali mengi, hata yale ya kuudhi. Haukuwa mfumo wa malaika: kwa miongo mingi mitaa ya Wamarekani Weusi ilichorwa rangi nyekundu katika ramani za mikopo, na aliyekaa humo hakupewa kitu hata kama mshahara wake ulikuwa mzuri. Nalitaja hilo kwa sababu litarudi.

Kisha karatasi ya deni ikaanza kusafiri. Kuuza madeni ya nyumba kulianza mapema, miaka ya 1970, chini ya mashirika yaliyoshikwa na serikali na yenye masharti. Baada ya mwaka 2000 banki za Wall Street zililifanya kwa wingi mno, na kwa madeni ambayo masharti yale yangeyakataa. Safari ilikuwa na vituo vinne au vitano. Wakala alimtafuta mnunuzi wa nyumba na kumjazia fomu. Kampuni ya mikopo ilitoa pesa. Banki kubwa ya New York ikayanunua madeni hayo kwa maelfu, ikayafunga pamoja, ikayakata vipande, ikauza kila kipande kama hati ya kuzaa faida. Wanunuzi wa hati walikuwa mifuko ya uzeeni, kampuni za bima, banki za Ulaya. Banki moja ya Düsseldorf, IKB, ambayo kazi yake ilikuwa kukopesha viwanda vya Ujerumani vya ukubwa wa kati, ilibidi iokolewe mwaka 2007 kwa ajili ya nyumba za Wamarekani ambao haijawahi kuwaona.

Angalia sasa kila mmoja alilipwa lini. Wakala alipata kamisheni yake siku mkopo uliposainiwa. Kampuni ya mikopo ilipata faida yake siku ilipouza deni, labda mwezi mmoja baadaye. Banki ya New York ilipata ada yake siku hati zilipouzwa. Hakuna kati yao aliyengoja miaka 30 kujua kama mtu wa nyumba ile atalipa. Sisi tunamjua mtu wa namna hiyo. Komisyoneri wa Lubumbashi anayekutafutia nyumba hupata chake siku unapokabidhiwa ufunguo. Mvua ikija na paa likavuja, utaongea na bayeri. Simlaumu, ndiyo kazi yake. Tofauti ni kwamba komisyoneri wetu hana uwezo wa kuzalisha wapangaji elfu kwa siku, na hakuna anayemlipa zaidi kadiri nyumba inavyovuja. Wakala wa Marekani alilipwa hivyo kabisa. Kama mteja wake alistahili mkopo wa riba ya asilimia 6 na wakala akamsainisha wa asilimia 8, kampuni ya mikopo ilimwongezea wakala kamisheni. Malipo ya aina hiyo yalikuwa halali. Yalikatazwa baada ya kila kitu kuanguka.

Ukitaka kuona kinyume chake, tazama likelemba. Watu kumi wanachanga kila mwezi, mmoja anapokea. Anayepokea leo anajua kwamba kesho atakutana sokoni na wale tisa. Na wale tisa, kabla ya kumwingiza, wameuliza anafanya kazi wapi, anakaa kwa nani, mwaka jana alilipa au alikimbia. Likelemba linaweza kuvunjika, na sote tumeona likivunjika kwa kelele. Lakini hasara hubaki kwa waliokosea kumchagua mwenzao. Haiendi Düsseldorf.

Pesa zilitoka wapi? Hapa wanauchumi wana mengi, nami nitapita haraka. Banki kuu ya Marekani ilishusha riba yake kutoka asilimia 6.5 mwishoni mwa mwaka 2000 hadi asilimia 1 mwezi wa 6 mwaka 2003, kwa kuogopa uchumi kulala baada ya kuanguka kwa hisa za kampuni za intaneti na baada ya shambulio la Septemba 2001. Wakati huohuo akiba kubwa za China na za nchi za mafuta zilikuwa zinatafuta mahali pa kukaa. Wenye pesa walitaka hati salama zenye faida kidogo zaidi ya ile ya serikali. Wall Street ikawaambia: tunazo.

Usalama huo uliandikwa kwa herufi tatu: AAA. Hapa ndipo mwanafunzi wa isimu anapokaa wima. Kampuni za kupima ubora wa madeni, Moody's, Standard & Poor's na Fitch, zilikuwa zinagawa herufi, na herufi hizo ndizo zilizosomwa; madeni yaliyomo ndani hayakusomwa na karibu mtu yeyote. Tume iliyoundwa na Bunge la Marekani kuchunguza mgogoro huo ilitoa ripoti yake mwezi wa 1 mwaka 2011, na ndani yake kuna hesabu ambayo sijaisahau tangu nilipoisoma. Kuanzia mwaka 2000 hadi 2007, Moody's peke yake ilitoa AAA kwa hati za madeni ya nyumba karibu 45,000. Mwanzoni mwa mwaka 2010, kampuni za kawaida za Marekani zenye alama hiyo zilikuwa sita. Mwaka 2006 Moody's iligonga muhuri wa AAA kwa hati 30 za aina hiyo kila siku ya kazi. Asilimia 83 ya hati zilizopewa alama hiyo mwaka ule zilishushwa baadaye. Na aliyelipia upimaji alikuwa nani? Yule yule aliyetengeneza hati na kutaka kuiuza. Ni kama mwanafunzi kumlipa mwalimu wa kumsahihishia mtihani, huku akiwa na haki ya kuhamia kwa mwalimu mwingine kama alama haikumpendeza. (Naomba wasomaji wasiangalie pembeni, mfano ni mfano.) Saussure alitufundisha kwamba uhusiano kati ya kiashiria na kiashiriwa ni wa nasibu, lakini kwamba jamii inaushikilia. Hapa jamii iliendelea kushikilia kiashiria wakati kiashiriwa kilikuwa kimeshaondoka.

Mikopo yenyewe ilibadilika sura ili mtambo usikose chakula. Aina moja iliyoenea ilikuwa na riba ya chini kwa miaka miwili ya kwanza, kisha kwa miaka 28 iliyobaki riba ikafuata soko, pamoja na nyongeza. Mtu alipimwa kama anaweza kulipa ile ya miaka miwili. Mikopo mingine haikudai karatasi ya mshahara: uliandika mwenyewe unachopata, au wakala alikuandikia. Ilipendeza kwa muda mrefu kwa sababu bei za nyumba zilikuwa zinapanda. Kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na mwaka 2006, bei za nyumba nchini kote ziliongezeka karibu maradufu. Bei ikipanda, hakuna mkopo mbaya: anayeshindwa kulipa anauza nyumba na kubaki na chenji, au anachukua mkopo mpya juu ya ule wa zamani. Takwimu za wasiolipa zinabaki ndogo, herufi za AAA zinaonekana kuwa kweli, mikopo zaidi inatolewa, wanunuzi wanaongezeka, bei inapanda tena. Hiyo ndiyo injini ya kupanda. Haihitaji mtu hata mmoja mwenye njama. Inahitaji kila mmoja alipwe leo.

Ndiyo hiyohiyo injini ya kushuka. Banki kuu ilianza kupandisha riba mwezi wa 6 mwaka 2004, mara 17 mfululizo, mpaka asilimia 5.25 mwezi wa 6 mwaka 2006. Mwaka huo bei zikasimama, zikaanza kurudi nyuma. Waliokuwa wanangoja kuuza au kukopa upya kabla ya riba yao kuruka wakakuta mlango umefungwa. Kampuni ya mikopo New Century ilifilisika mwezi wa 4 mwaka 2007. Mwezi wa 8 BNP Paribas ya Ufaransa ilizuia watu kutoa pesa zao katika mifuko mitatu kwa sababu haikuweza tena kusema hati zilizomo zina bei gani. Tarehe 15 Septemba 2008 Lehman Brothers ikafilisika. Ilikuwa inaendesha mali ya karibu dola 30 kwa kila dola moja iliyokuwa yake kweli. Kesho yake serikali ikaingiza dola miliari 85 kuokoa AIG, kampuni ya bima iliyokuwa imeuza ahadi za kufidia hati hizo bila kuweka akiba ya kuzilipa. Hadi ripoti ya tume ilipotoka, familia karibu milioni nne zilikuwa zimepoteza nyumba zao.

Rudi sasa kwenye lugha. Soma tena aya yangu iliyotangulia: bei zikasimama, zikarudi nyuma, mlango umefungwa, kampuni ikafilisika. Nimeandika kama wote wanavyoandika. Magazeti ya Kiswahili, nikiwemo mimi hapa, hupenda kitenzi kuporomoka: soko liliporomoka. Kitenzi hicho kina mwenzake, kuporomosha, lakini huyo haitwi. Kila mmoja wetu alijifunza matumizi ya kauli ya kutendeka akiwa na miaka minne. Mama anasikia kelele jikoni, anauliza kuna nini, mtoto anajibu: kikombe kimevunjika. Hakuna uongo katika sentensi hiyo. Kikombe kweli kimevunjika. Ila mtenda ametolewa kwa ustadi ambao mtoto huyo hajafundishwa na mtu.

Wakubwa wa fedha wa Marekani walikuwa na ustadi wao. Mwaka 2005 Alan Greenspan, gavana wa banki kuu, aliulizwa kama soko la nyumba limekuwa puto. Akakataa neno hilo. Akasema kuna povu katika masoko ya mahali mahali. Puto hupasuka, povu hutulia lenyewe. Mwezi wa 3 mwaka 2007 mrithi wake, Ben Bernanke, aliliambia Bunge kwamba taabu za mikopo ile zilielekea kubaki zimezungukiwa ukuta, hazitaambukiza uchumi wote. Mwezi wa 10 mwaka 2008 Greenspan alirudi mbele ya Bunge, akakiri kwamba aliona kasoro katika fikra aliyoiamini miaka mingi, yaani kwamba banki zinazojipenda zitajilinda zenyewe. Nampa heshima kwa hilo. Lakini hata siku ile alichokiri ni kasoro ya fikra. Wakati wa povu, banki kuu ilikuwa na mamlaka ya kisheria, tangu mwaka 1994, ya kuzuia mikopo ya nyumba yenye udanganyifu, na ilikaa karibu bila kuyatumia.

Je, mkopaji hana hatia? Hapa nataka kuwa mwadilifu, maana hoja yangu ikizidi itageuka kuwa hadithi ya mwanakondoo na fisi. Walikuwepo waliokopa kwa maana kamili ya kitenzi. Huko Las Vegas, Phoenix na Florida watu walinunua nyumba tatu, nne, bila nia ya kulala katika yoyote, wakingoja bei ipande wauze. Wengine waliandika mishahara ambayo hawakuwa nayo. Wengine walikuwa na nyumba nzuri yenye deni dogo, wakaikopea upya ili wanunue gari. Kuwaita hao wote waliokopeshwa ni kuwanyima akili zao. Lakini hesabu hazikubali kwamba maskini ndio waliouangusha uchumi. Baadhi ya wanasiasa wa Marekani walilaumu sheria ya mwaka 1977 iliyozitaka banki zihudumie pia mitaa ya watu wenye kipato kidogo. Tume ilikuta kwamba ni asilimia 6 tu ya mikopo ya riba ya juu iliyokuwa na uhusiano wowote na sheria hiyo. Na tazama Ireland. Kule wakopaji wakubwa walikuwa wajenzi matajiri wa majumba, watu wa suti, na banki zao ziliwakopesha kwa furaha ileile. Bei za nyumba za Ireland zilipungua karibu nusu kati ya mwaka 2007 na 2012, na mwezi wa 1 mwaka 2009 serikali ikalazimika kuitaifisha Anglo Irish Bank. Mkopaji amebadilika kabisa, mkopeshaji hakubadilika, na matokeo ni yaleyale.

Nilisema mitaa ya Weusi itarudi. Mwezi wa 12 mwaka 2011 Wizara ya Sheria ya Marekani ilifikia mapatano na Countrywide, iliyokuwa kampuni kubwa kuliko zote za mikopo ya nyumba: dola milioni 335, kwa madai kwamba wakopaji Weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini zaidi ya 200,000 walitozwa zaidi, au walisukumwa kwenye mikopo ya riba ya juu, wakati Weupe wenye sifa zilezile walipewa ya kawaida. Mwaka uliofuata Wells Fargo nayo ikakubali kulipa dola milioni 175 kwa madai ya namna hiyo. Kampuni hizo hazikukiri kosa. Mapatano ndivyo yalivyo. Babu alinyimwa mkopo kwa sababu ya mtaa wake, mjukuu akatafutwa mtaani humohumo ili apewe ule wa ghali. Sentensi ya walikopa kupita uwezo wao inamhusu mjukuu huyu pia, na inamhukumu bila kumsikiliza: uwezo wake ulitosha kabisa kwa mkopo wa kawaida.

Mtu ataniuliza haya yanatuhusu nini sisi wa Katanga. Yalituhusu kwa njia ya shaba. Nyumba mpya ni nyaya na mabomba. Mwanzoni mwa mwaka 2006 Wamarekani walikuwa wanaanza kujenga nyumba kwa kasi ya zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Mwanzoni mwa 2009 kasi hiyo ilikuwa imeshuka hadi karibu nusu milioni. China iliendelea kununua shaba na kuibeba bei kwa muda, mpaka viwanda vyake navyo vikakosa wateja wa ng'ambo. Mwezi wa 7 mwaka 2008 tani ya shaba ilikaribia dola 9,000 huko London. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya dola 3,000. Matanuru madogo ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi yalizimwa moja baada ya jingine, na wachimbaji wa mikono wakabaki na mifuko ya mawe isiyo na mnunuzi. Mimi nilikuwa mtoto. Ninachokijua ni neno lililobaki midomoni mwa wakubwa: krize. Krize imekuja, krize imetukamata, wakati wa krize. Neno hilo huenda na vitenzi vya mvua na ugonjwa. Watu waliopoteza kazi Kolwezi kwa sababu ya kamisheni za mawakala wa California walipewa nomino isiyo na mtenda, wakaambiwa wavumilie.

Sitaki kutabiri kwamba puto kama lile litapasuka Lubumbashi. Mkopo wa banki wa kununua nyumba ni jambo la wachache sana kwetu. Kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi ni mali ya Serikali, na sisi tunapewa haki ya kuitumia. Mtu ananunua parseli kwa dola za mkononi, anainua ukuta mwaka huu, paa mwaka kesho, madirisha Mungu akipenda. Kodi za nyumba na bei za parseli zinapanda shaba ikipanda, na zinaweza kushuka nayo, lakini bila ule mnyororo wa hati hasara hukaa hapahapa.

Tabia ya lugha, hata hivyo, ni moja. Tunayo Banki Lamberi, jina la banki ya Kibelgiji lililogeuka jina la kawaida la yeyote anayekopesha kwa riba kali. Mwalimu wa shule ambaye mshahara wake umechelewa anakwenda Banki Lamberi, anachukua 100, mwisho wa mwezi anadaiwa 150. Akishindwa tunasema: amejitia madeni. Tumemwekea hata kirejeshi -ji-, ili mtenda na mtendwa wawe mtu mmoja na kesi ifungwe. Aliyechelewesha mshahara hayumo katika sentensi. Aliyepanga riba ya nusu kwa mwezi hayumo.

Nimalizie na kazi ya idara yetu. Neno subprime halina tafsiri iliyokubalika. Wanahabari wengi huliacha lilivyo, na kwa sikio la Mkongomani ni kichekesho, maana prime kwetu ni ile nyongeza ya mshahara inayongojwa na kila mtumishi wa Serikali; subprime ingekuwa kitu kilicho chini ya prime, na hicho tunakijua vizuri mno. Wengine wanasema mikopo duni, lakini kilichokuwa duni hakikuwa mkopo. Kwa lugha ya banki udunifu ulikuwa wa mkopaji. Wengine wanasema mikopo ya hatari, bila kusema hatari ilikuwa kwa nani. Mimi napendekeza mikopo ya riba ya kuvizia. Inasema jinsi kitu kilivyofanya kazi: riba ilikaa kimya miaka miwili, kisha ikatoka kichakani. Na anayevizia ni lazima awe mtu. Kwa mikopo ile ambayo haikuwa na miaka miwili ya ukimya, mikopo ya kutozwa ghali inatosha, kwa sababu ya kile kiambishi -w-, kinachomfanya msomaji aulize ni nani aliyetoza. Najua ni maneno marefu, na mwalimu mmoja ameshaniambia kwamba istilahi haipaswi kuhukumu. Mwenye neno fupi zaidi, linalomwacha mkopeshaji aonekane, alilete kwa toleo lijalo.